Tumbo la Araba Si Tumbo la Bentum

Araba wangu alikaanga viazi vikuu na mikia ya batamzinga sokoni Mankessim, mpaka mafuta yakawa harufu yake. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili aliyouza. Nimemzika msimu huu wa mvua.

Jirani yake pale sokoni alikuwa Bentum, fundi viatu asiye na mke. Bentum alikuwa na tumbo la kumsumbua. Araba naye likamwanza la kwake. Basi ikawa kuchemshiana tangawizi, kikombe kimoja, huyu akinywa yule akipokea.

"Tumbo letu hili, mama Ato," Bentum humwambia Araba, akicheua.

"Letu, kaka. Tutalifanyaje?"

Letu! Mimi mumewe hata mafua hakuwahi kuyaita yetu.

Nikaanza kuwachunga. Nilikaa ng'ambo kwa muuza chumvi, macho kwao. Bentum alishiba kwa matonge mawili. Alijaa gesi, chembe cha moyo kikawaka moto, karibu kila siku, hata kwa uji. Lakini alikaa akigonga misumari yake.

Araba siku nyingi alikuwa mzima kabisa. Akila mikia ile, au mchuzi wa mawese wa Jumapili, baadaye hushika chini ya mbavu za kulia. Maumivu yanapanda mgongoni mpaka begani. Hakai, halali, anatapika. Kucheua hakumsaidii, tangawizi haimsaidii. Yanamkaba saa nzima au zaidi, kisha yanaisha kama hayakuwepo.

Yalipomzidi nikampeleka hospitali. Bentum naye akaja, akakaa benchi letu.

"Ni gesi, sista," akamwambia muuguzi. "Kama langu."

"Wewe nyamaza," nikamkata. "Lako unalijua, lake hulijui."

Nikaeleza yote. Muuguzi akanitazama.

"Mzee, umeyajuaje haya?"

"Wivu," Araba akasema, kajikunja. "Huyu, nzi akinitulia, anamuuliza anatoka wapi."

Wakampiga picha ya tumbo. Vijiwe, kwenye kifuko cha nyongo. Bentum naye akapimwa: hana kijiwe, hana kidonda, tumbo lake tu halielewani na chakula.

Waliposema Araba atapasuliwa, nilianza kusali. Na bado nilifurahi. Ugonjwa haukuwa wa wao wawili.

Alipona, akarudi kwenye kikaango, akazeeka. Ni moyo uliomchukua.

Mazikoni Bentum alilia kunishinda mimi, watu wakamshika yeye.

"Mama Ato! Tumbo letu nani atalichemshia tangawizi?"

"Lako," nikamwambia. "La kwake nalijua mimi."