Banda la Kuni Kavu

Kwa miaka ishirini na miwili Baba Mvuke alilisha kuni boila la hospitali, linalotoa mvuke wa kukaushia nguo, na muda wote huo hakuna mgonjwa aliyelalia shuka yenye unyevu. Hilo ndilo lilikuwa jivuno lake, maana jingine hakuwa nalo. Aligonganisha magogo mawili karibu na sikio. Yakilia kwa sauti kavu, haya, motoni. Yakilia bubu, yarudi bandani yakakae.

Kwa hiyo wiki ile ya mvua watu walishangaa kuona bomba lake likifuka moshi mzito, mshale wa kipimo cha mvuke umelala chini, na shuka zikitoka kwenye mashine ya kukaushia bado zina maji. Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke asiyetaka mchezo, alikuja mara mbili kuuliza kulikoni. Mzee akajitia hamnazo, akausingizia mlango wa boila, maskini mlango wa watu.

Ukweli aliujua. Kina mama wanaouguza watoto wodini hawakuwa na pa kulala, na mvua ya kwanza iliwakuta wamejibanza ukutani, wametota chapachapa. Huruma ikamshika. Akatoa kuni bandani, akawaingiza wao. Kuni zikanyeshewa, na moto ukawa unahangaika kwanza kukausha maji yaliyomo kwenye kuni. Joto lililobaki kwa ajili ya boila lilikuwa kidogo mno.

Siku ya tatu Metroni alikuja na barua ya kumsimamisha kazi. Hapo maji yakamfika shingoni, akasema yote. Metroni akaikunja barua, akaitia mfukoni. Kuni zirudi bandani kabla ya jioni, alisema, na kina mama akawaambie mwenyewe.

Akaenda, kofia mkononi, akawaeleza. Mmoja wao, ambaye mwanawe alikuwa na homa ya mapafu, akamtazama.

"Baba, kumbe zile shuka mbichi anazolalia mwanangu ni kwa sababu yetu?"

"Ni kwa sababu yangu, mwanangu. Nyinyi hamkujua."

Swali lile lilimwingia moyoni likamchoma. Siku zote tatu aliwaza waliomo bandani tu. Kwamba wema ule unalipiwa na watoto wao wenyewe wodini, hakuwahi kufikiri. Mama yule alikunja mkeka wake, akabeba gogo la kwanza.

Magogo mengine waliyapanga kando ya ukuta wa boila wenye joto. Kesho yake yalilia tena kwa sauti kavu sikioni, mshale ukapanda, moshi ukawa mwepesi. Mchana mama yule alikuja hadi mlangoni.

"Leo shuka ni kavu, baba. Ahsante." Akatazama mawingu. "Lakini mvua inarudi. Sisi tulale wapi?"

Baba Mvuke aliegemeza koleo ukutani, akafuta mikono, akaenda kumtafuta Metroni.