Waya Alioukata Kazungu

Kila nikisikia mota ikinguruma, mwanangu, nakumbuka siku moja ya miaka ya themanini, hapa Malindi, nilipomtwisha rafiki yangu kosa langu.

Baba yangu alikuwa mkereza wa vitanda. Keezo lake, kile chombo cha kuzungushia mti unaochongwa, lilikuwa la upinde: unasukuma na kuvuta, na mti unazunguka mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Nimelelewa na mlio huo. Mabega yalipomshinda, nikanunua mashine kuukuu ya umeme, nikaiweka katika kibanda cha uani, ili nimalize matendegu, yaani miguu, ya kitanda cha harusi ya dada yangu.

Shida ilikuwa mota. Ilitaka umeme wa fezi tatu, na nyumba yetu ilikuwa na fezi moja tu. Aliyeniokoa ni Kazungu, kijana wa Matsangoni, fundi umeme katika hoteli moja kule Bofa. Hoteli ilibadilisha pampu zake ikampa kisanduku kilichokuwa kikiziendesha. Kisanduku hicho kiliugeuza umeme wa nyumbani ufae mota, tena ukizungusha kitufe unaongeza au kupunguza mwendo upendavyo, bila kuhamisha mkanda. Nami nilikuwa nimesoma sekondari, basi nikajiona nimefika.

Kazungu alipomaliza kukifunga, alikata waya mmoja, akauvingirishia utepe.

"Huu ni wa kurudisha mota nyuma. Usiuunge, Swaleh."

Sikumwuliza sababu. Nilidhani ananibania, kama mpishi anayekupa pilau akakuficha bizari. Alipokwenda zake nikauunga. Keezo la baba lilirudi nyuma maisha yake yote, iweje langu lisirudi?

Siku ya tendegu la mwisho, baba alikuwa ameketi karibu nami akinitania. "Mashine ndiyo inayofanya kazi. Hilo jasho lako umelitoa wapi?"

Nilipofika kwenye kupiga msasa, nikageuza mota irudi nyuma. Sasa chaki, kile kichwa cha chuma kinachobana mti, ilikuwa imeshikwa kwa hesi tu, kama kifuniko cha chupa. Ikienda mbele inajikaza, ikirudi nyuma inajifungua. Ikajifungua, ikaruka pamoja na tendegu, ikapita karibu na goti la baba na kuvunja mtungi wa maji.

Baba hakuumia. Alivitazama vigae vya mtungi, akauliza polepole, "Kisanduku hiki alikifunga nani?"

"Kazungu," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa uongo.

"Basi asiguse tena umeme wa nyumba hii. Na majirani nitawaambia."

Nilijua maana yake. Baba akisema fundi hafai, mtaa mzima hautamwita. Hata hivyo nilinyamaza.

Alasiri Kazungu akaja kuuliza kazi imefikia wapi. "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia marahaba, uso ukutani. Kazungu akainamia kisanduku, akauona waya umeungwa. Akanitazama. Akatoa koleo, akaukata tena taratibu, kama mtu anayemngojea mwenzake.

"Baba," nikasema, "waya niliuunga mimi. Kazungu alinikataza."

Baba akageuka kutoka ukutani. "Goti lilikuwa langu, lakini jina lililochafuka ni lake. Mwombe radhi yeye kwanza."

Nikamwomba. Kazungu akatikisa kichwa. "Ungeniuliza tu, ndugu yangu, ningekwambia. Sikujua kwamba keezo lenu hurudi nyuma."

"Na mtungi ni wa mama yako," baba akaongeza. "Huko utakwenda peke yako."

Tukacheka wote watatu. Tendegu nililikereza upya na dada akaolewa kwa wakati. Kazungu akafunga umeme nyumba nyingi za mtaa wetu. Ni furaha yangu mpaka leo, ingawa kile kimya changu cha mchana bado kinaniuma.

Basi, mwanangu, ukikuta kitu amekifunga au kukikata anayejua kazi, muulize sababu kabla hujakigusa. Wala usione haya kuuliza, maana pengine hata yeye ana la kujifunza kwako. Na kikiharibika mikononi mwako, litaje jina lako mwenyewe, tena mapema, kabla la mwenzako halijachafuka.

Mungu akulinde mikono na macho, akupe marafiki wenye subira ya kukungojea useme kweli, na akujaalie usiwangojeshe sana.