Neno Lisilomtoka Bi Funguo

Bi Funguo hajawahi kuniomba hata kalamu. Yeye yuko mapokezi, mimi natandika vitanda, hoteli moja, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Kalamu yake ikiisha wino ataikwaruza kwenye karatasi mpaka karatasi ichanike, na mimi nimesimama hapo hapo na kalamu mbili mfukoni. Akitaka kitu husema "nipatie", au hunyamaza. Neno "naomba" lilikuwa halimtoki. Alipojifungua alirudi kazini bado anatembea kwa kujishika kiuno, kwa sababu kuongezewa likizo kulitaka aende kwa meneja akaombe. Wenzetu walisema ni maringo. Maringo gani ya mtu anayekula kiporo chake amesimama nyuma ya kaunta?

Hoteli yetu si ya kujisifia. Ina ghorofa tatu na lifti inayofanya kazi siku ikijisikia. Mbele inatazamana na hospitali kubwa, barabara tu katikati, kwa hiyo vyumba vya mbele vina ving'ora mchana kutwa. Nyuma kuna bustani na utulivu, na vitanda vya huko ni vipana. Mgeni aliyelipia chumba cha mbele akipewa cha nyuma bila kuongezewa bei, sisi tunasema amepandishwa, hata kama ametolewa ghorofa ya tatu akashushwa ya kwanza. Ndiyo lugha yetu, usiniulize. Na nani apandishwe, nani abaki alipo, meneja alimwachia Bi Funguo, maana yeye mwenyewe alishachoka kutukanwa na wageni.

Ungemwona kazini ungependa. Anakuja mtu anagonga kaunta, mimi ni mgeni wenu wa siku zote, mimi namjua fulani, nipe chumba kizuri. Bi Funguo anamwitikia kwa adabu, anatazama kompyuta weee, anakunja uso kama anayesikitika, kisha anampa ufunguo wa kile kile alicholipia. Halafu anakuja mwingine, ameinamisha macho, anauliza kwa sauti ndogo kama kuna uwezekano wa mto wa pili, kama si usumbufu. Huyo nitaletewa habari ghorofani nimpelekee mito miwili na blanketi, na siku vyumba vya nyuma vikiwa vitupu, huyo ndiye anayepandishwa. Anakumbuka nani hapendi kulala karibu na lifti, nani lazima kitanda chake kitazame mlango. Mgeni anarudi baada ya mwaka anakuta kitanda kimeshageuzwa. Nani alikigeuza? Mimi, na mgongo wangu huu. Lakini sifa zilikwenda mapokezi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anawapa wanyonge peke yao. Akaniambia, "Anayeomba kidogo, Mama Shuka, ana shida kubwa. Mpe kikubwa kabla hajaaibika."

Mama Shuka ndiyo mimi. Na maneno hayo hakuyaokota barabarani. Amelelewa kwa shangazi yake, nyumba ya watoto wengi, yeye pekee si wa mle ndani. Usiku mmoja wa baridi aliomba blanketi. Shangazi alicheka, na kesho yake akawasimulia majirani, na tangu hapo mtoto akaitwa Ombaomba. Akipita uani, Ombaomba huyo. Wageni wakija, hebu mwoneni Ombaomba wetu. Blanketi hakupewa. Alinihadithia mara moja tu, huku anapanga funguo, hakunitazama. Mimi huyo shangazi sikumjua na amekwisha kufa, na wafu hawasemwi vibaya, kwa hiyo nanyamaza.

Sasa, akaja mama mmoja mtu mzima, mtandio wa njano begani, begi dogo mkononi. Ilikuwa asubuhi, mimi niko pale pale kaunta nasubiri kuambiwa vyumba vilivyoachwa wazi. Yule mama akasalimia vizuri, akasema anaomba kile chumba kidogo cha pembeni, ghorofa ya tatu, kinachotazama hospitali. Akaongeza, "Hicho hicho tu, binti yangu."

Hicho hicho tu. Bi Funguo alivyosikia hivyo, basi. Nilimwona macho yanavyolainika. Kile chumba cha pembeni ndicho kibaya kuliko vyote, hata mimi nikikifagia nakifagia kwa haraka. Akachukua ufunguo wa chumba kikubwa cha nyuma, chenye kibaraza, akauweka kaunta kwa mikono miwili. Akamwambia mama nimekupandisha, hutaongeza chochote, nenda ukapumzike. Yule mama akafungua kinywa, akamtazama Bi Funguo anavyong'aa usoni, akakifunga. Akasema Mungu akubariki. Nikambebea begi. Chumbani alikwenda moja kwa moja dirishani, akavuta pazia, akaona maua. Nikamwambia pazuri, eh? Akasema pazuri sana, mwanangu, na akabaki amesimama hapo na mtandio wake.

Mimi sipendi kumzungusha mtu, kwa hiyo nitasema sasa hivi jambo ambalo sisi tulilijua kesho yake. Mumewe alikuwa amelazwa ng'ambo ya barabara, na asubuhi inayofuata angepasuliwa koo. Alikuwa hana sauti tena, simu isingemfaa kitu. Na alikuwa anaogopa. Mara mbili walimwandaa na mara mbili alikataa, akashika vyuma vya kitanda mpaka wauguzi wakachoka. Safari hii alikubali kwa sharti moja, alimwandikia mkewe kiganjani kwa kidole: nikuone kwanza. Lakini ndugu hawaruhusiwi wodini alfajiri. Na kutoka kitanda kile, kwa sababu ya tangi kubwa la maji lililoko katikati, dirisha la hoteli linaloonekana ni moja tu, la chumba cha pembeni. Mama alikwishalala humo safari ya kwanza, alipopokelewa na zamu ya pili, walijaribu wakaona. Wakapatana kwamba kabla mzee hajachukuliwa, mkewe atautundika mtandio wa njano dirishani, na mzee akiuona atakubali kupelekwa kupasuliwa.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Yule mama alijua chungu chake. Sisi tukampa karamu.

Kwa nini hakusema? Ndivyo alivyoniuliza meneja baadaye, na nusura nimjibu vibaya. Mtu amekupa zawadi kwa mikono miwili, anatabasamu, nyuma yako kuna foleni, utaanzaje kumwambia sitaki? Wapo watu waliofundishwa adabu mpaka ikawaumiza. Hata hivyo jioni alijikaza akashuka, akamkuta kijana wa zamu ya pili. Kijana akamwambia mama, kile kimeshapata mtu, na hicho chako ni kizuri zaidi. Alisema kweli yote, masikini, wala hakukosea neno.

Aliyekipata ni Bwana Vigae. Huyo huzunguka na sampuli za vigae vya sakafu, maboksi mazito ajabu, na kila akija hugonga kaunta anataka kupandishwa. Mchana ule aligonga kama kawaida. Bi Funguo akatazama kompyuta, akakunja uso, akampa cha pembeni.

Asubuhi, jua bado halijatoka vizuri, nasukuma toroli langu la mashuka ghorofa ya tatu, namwona yule mama amesimama mbele ya mlango wa chumba cha pembeni. Hagongi. Ameukunja mtandio vizuri, ameushika kifuani, anatazama mlango tu. Nikadhani amepotea. Nikamuuliza, naye akanieleza yote kwa sauti ile ile ya mtu asiyetaka kusumbua, akamalizia kwamba hawezi kumwamsha mwanamume wa watu asiyemjua, na kwamba saa yenyewe ndiyo hii.

Lifti sikuingoja. Nilishuka ngazi na miguu yangu hii, nikamwambia Bi Funguo mbele ya wageni, bila kupunguza neno. Simu ilikuwa inalia. Hakuipokea. Alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hafanyi, akapanda ngazi mbele yangu, na sikuona uso wake mpaka tulipofika juu. Afadhali nisingeuona.

Mfukoni ana ufunguo unaofungua milango yote, ndiyo maana akaitwa Bi Funguo. Aliutoa. Akautazama. Mgeni yumo ndani amelala, na kwetu mlango wa mgeni aliyelala haufunguliwi labda moto uwe unawaka. Akaurudisha mfukoni, akagonga.

Bwana Vigae alifungua yuko na fulana ya ndani na kaptura, macho yamevimba kwa usingizi. Alipoona ni nani, akaegemea mlango. "Eh. Leo ndiyo umekumbuka kunipandisha?"

Bi Funguo akafungua kinywa na hakikutoka kitu. Mimi nilitaka kusema badala yake, nikajizuia, sijui nini kilinizuia.

"Naomba," akasema. Akasimama hapo. Kisha akaanza tena. "Naomba dirisha lako, bwana. Jana nilikunyima makusudi, na leo nakuomba. Naomba sana."

Yule bwana akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamwona yule mama nyuma yetu na mtandio wake. Aligeuka akaingia ndani mbio, maana alikuwa ameyapanga maboksi ya vigae chini ya dirisha yakaliziba nusu. Tukayasukuma wote, yeye na fulana yake, Bi Funguo na viatu vya kazini, mimi na mgongo wangu. Boksi moja lilianguka vigae vikavunjika, hakuna aliyeangalia chini.

Mama akafungua dirisha, akautoa mtandio nje, akaushika kwa mikono miwili.

Ng'ambo tuliiona wodi. Tuliona kitanda kimoja karibu na kioo, watu wawili wenye nguo za kijani wameinama, na kitanda cha magurudumu pembeni. Hakuna kilichotokea. Ving'ora vikapita chini. Bwana Vigae akasogea akamshikia mama ncha moja ya mtandio bila kumgusa. Bi Funguo alikuwa nyuma yao, midomo inakwenda, anaomba sasa kwa yule anayeombwa na wote. Ndipo tukaona mkono unainuka kutoka kwenye shuka, mwembamba, umenyooka kama wa mtoto darasani anayejua jibu. Ukakaa juu. Mama hakupunga, aliogopa kuachia mtandio. Aliita tu jina la mumewe, polepole, kama wako chumba kimoja. Halafu mkono ukashuka, wale watu wakamhamisha, na hakung'ang'ania popote.

Mzee hakurudi. Mchana walikuja kumwita mama, na alivyovuka barabara niliona kwamba ameshajua.

Alasiri alikuja kuchukua begi lake akiwa na mtoto wa ndugu yake. Bi Funguo alizunguka kaunta akaenda kusimama mbele yake, mikono inaning'inia, hana pa kuiweka. Akasema, "Mama, naomba unisamehe."

Yule mama alimshika mkono. Alimwambia muuguzi amemsimulia yote, jinsi mzee alivyoshika vyuma vya kitanda na kutikisa kichwa, anatazama dirisha, mpaka alipoiona njano ndipo akaachia. Akasema, "Ungechelewa, binti yangu, ningekuwa na neno. Hukuchelewa. Ila siku nyingine mtu akikuomba kidogo, mpe hicho kidogo. Muulize kwanza."

Nililia, sifichi. Nililia kwa ajili ya mzee nisiyemjua uso, nimejua mkono tu.

Siku hizi mgeni akiomba chumba, awe mpole awe mgomvi, Bi Funguo humuuliza anakitakia nini, na husubiri jibu hata foleni ikinung'unika. Utashangaa watu wanavyojibu. Bwana Vigae naye hagongi tena kaunta. Na akipandishwa hukataa, anasema mpe mwingine, nipe kile changu cha pembeni.

Lakini hayo ni ya siku hizi. Siku ile yenyewe Bi Funguo alimaliza zamu yake yote, akapokea simu, akatoa funguo, akawakaribisha watu. Mimi nilikuwa chumba cha mashuka nakunja yaliyotoka kufuliwa. Akaja akasimama mlangoni na mkoba wake. Kwao si mbali, na njia ile ameitembea peke yake miaka yote, mvua na jua, mjamzito na mgonjwa, siku aliyofiwa na mama yake mzazi pia.

"Mama Shuka," akasema. "Naomba unisindikize nyumbani."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, maana mimi utani haunikosi. Haukutoka. Nikamwambia ngoja nimalize shuka hili. Akaweka mkoba chini, akashika upande wa pili, tukalikunja. Kisha nikavua aproni, tukaondoka.