Bunge Lipi Linaweza Kufunga Soko?

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi ya soko, upande wetu wa Kenya mjini Busia, nyuma ya mama muuza samaki kutoka Lumino, Uganda. Alishika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Nasikia bunge imepitisha sheria," alimwambia karani kwa sauti ya chini. "Waganda wote tufukuzwe Kenya."

"Bunge lipi, mama? La Nairobi au la kaunti?"

"Kwani iko mbili?"

Karani aliweka kalamu chini. "Mambo ya mpaka ni ya Nairobi, na huko sijasikia sheria kama hiyo. La kaunti haliwezi kukufukuza nchini. Kazi yake ni mambo ya hapa: masoko, leseni, taka."

Mama alishusha pumzi. Kisha akauliza polepole, "Hiyo ya kaunti inaweza funga soko yetu?"

Karani alitazama dirishani. "Hilo linaweza. Mswada wa kulihamisha soko uko mbele yao sasa hivi."

Uso ulimbadilika. "Kwetu ningekimbilia kansala wangu, yule diwani wa wilaya. Huku nilie kwa nani?" Akanigeukia. "Wewe Mkenya, mwakilishi wako huko kaunti anasemaje?"

Miaka yote nimeogopa yanayoamuliwa Nairobi. Ya hapa mjini sijawahi hata kuyauliza. Mwakilishi wa wadi yetu nilimpigia kura, lakini ofisi yake siijui.

Tulitoka kwenda kumtafuta, mimi mwenye kura na yeye asiye nayo, na sikuona tofauti katika hofu zetu.