Shikamoo ya Pili

Mganga wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa hakutuachia chupa hata siku moja. Dawa ya maumivu makali aliifungia kabatini, ufunguo ukining'inia shingoni, na kila alipomimina kijiko cha baba alitia alama ya penseli kwenye lebo. Nikajisemea: huyu anaificha ili anywe mwenyewe. Kilichonikera zaidi ni shikamoo zake. Alimwamkia baba tukiingia, akamwamkia tena kijiko kikiwa mkononi, kichwa kakiinamisha. Mzee anayeumwa kansa anaamkiwa mara mbili kwa lipi?

Asubuhi moja marahaba ya pili ya baba ilichelewa, ikatoka nzito. Mganga akarudisha dawa chupani, akaifuta alama ya penseli.

"Unamnyima baba yangu!" nikafoka.

Alikuwa ameweka mkono kifuani kwa baba, anahesabu pumzi. "Nyumbani mmempa nini kingine?"

Nikavitoa mfukoni vidonge vya usingizi nilivyonunua sokoni Kilosa, nikaviweka mezani. "Hivi na dawa yangu vikikutana, huzima pumzi," akasema. Akainama tena sikioni kwa baba.

"Shikamoo, mzee."

Safari hii tulisikiliza wawili.