Chapuchapu Aikimbiza Kompyuta

Binti yangu wa mwisho tunamwita Chapuchapu, na jina hilo amejipatia mwenyewe. Alitembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na hata leo, mtu mzima anayechora katuni zinazotembea, chai anainywa amesimama. Mimi mama yake ndiye breki. Feni ya kompyuta ikivuma chumbani kwake, nakwenda kunusa kama kuna kinachoungua.

Ijumaa ile alikuwa na mtihani. Alasiri msimamizi wa studio moja angemtazama kwa mtandao akifanya kazi, picha zikitembea papo hapo. Zikitembea vizuri, ameajiriwa. Tatizo lilikuwa mbuzi wake wa katuni aliyepanda baiskeli. Kila alipofika sokoni penye umati, alikwama, akaruka, akakwama tena. Kompyuta ya mtumba ilikuwa inaishiwa pumzi.

Basi asubuhi akaamua kuiongezea mwendo kumbukumbu yake, vile vibao viwili vyembamba vinavyoshikilia kazi wakati inafanywa. Vimeumbwa kukimbia, aliniambia, ila tangu vinunuliwe vinatembezwa kama wagonjwa. Nikamuuliza kwa nini asivikimbize hadi mwisho, mambo yakaisha.

"Mama, si uliruka kamba wewe? Kamba ikizungushwa haraka, huingii mzunguko wa kwanza. Unahesabu kadhaa ndiyo unaruka. Ukiongeza mwendo, uongeze na hesabu ya kusubiri. Ukisubiri kidogo mno, kamba inakuchapa miguu. Ukisubiri sana, huo mwendo umekufaa nini?"

Hapo nilielewa, na mwili ukanisisimka. Kumbe siku zote mle ndani watu wanaruka kamba!

Akapanga mwendo na subira, akaiwasha upya, kisha kwa kuwa hawezi kutulia akaenda kupiga pasi blauzi. Nikabaki mlangoni. Kioo kilikuwa cheusi tii, feni inavuma, hakuna picha wala herufi. Nilihesabu pumzi zangu, zikaniishia. Nikachomoa plagi, nikangoja ipoe, nikaichomeka tena kimyakimya nisije nikaonekana mwoga.

Aliporudi akakuta imezimika. Akasema amezidisha, akapunguza mwendo, akaiwasha, akaenda kuoga. Giza lile lile. Nikachomoa. Mara ya tatu akaongeza subira, akatoka kupokea simu, nami nikafanya kazi yangu.

Alipoikuta imezimika tena alikaa kitandani. Sijawahi kumwona amekaa hivyo, mikono imelala mapajani. Akasema kama hata mwendo huo mdogo haiuwezi, basi ni mbovu, na ni heri awapigie studio awaambie wasijisumbue. Akaichukua simu.

"Mwanangu," nikasema, "haizimiki yenyewe. Ni mimi ninayeichomoa."

Akanitazama. "Mara ngapi?"

"Zote."

Baba yake, fundi bomba ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, alikuwa koridoni akicheka hadi akaushika ukuta. Akasema nyumba ina mlinzi hodari, anamfungia nje hadi mwenye nyumba.

Chapuchapu hakunikasirikia. Alikwisharuka kwenye kiti. Kompyuta ikibadilishiwa mwendo, alisema huku vidole vinakimbia, hujipima kwanza gizani, nayo huchukua muda; kila ilipokuwa ikijipima, mimi niliikaba roho. Akarudisha mwendo ule mkubwa alioanza nao asubuhi, akaiwasha. Mume wangu akanishika mikono yote miwili, eti kwa mapenzi.

Giza. Feni. Giza. Miguu yangu ilitaka kwenda kwenye soketi yenyewe. Chapuchapu naye alitaka kubonyeza kitufe, nikamwambia akome, tungoje. Mimi, breki, namwambia mtu angoje kompyuta inayovuma! Kisha kioo kikawaka.

Tulipiga kelele kama watu wa mpira. Akaipa jaribio la kuandika na kusoma kumbukumbu bila kupumzika, na katikati likaonyesha kosa moja jekundu. Hakushtuka. "Kamba imemgusa mguu," akasema, akaongeza subira kidogo tu, mwendo akauacha. Giza tena, nuru tena. Safari hii jaribio lilimalizika safi.

Msimamizi alipotokea kiooni, mimi na baba yake tulijibana nyuma ya mlango. Mbuzi akaingia sokoni akikanyaga pedeli, watu wakampisha, kuku wakaruka, wala hakukwama. Yule bwana akaomba iongezwe mvua. Nikafunga macho. Chapuchapu akaongeza mvua, akaongeza na madimbwi ambayo hakuna aliyemwomba, na mbuzi akayapasua yote hadi upande wa pili.

"Jumatatu unaweza kuanza?" bwana yule akauliza.

"Hata kesho," binti yangu akajibu.