Jina Ambalo Shemeji Halitamki

Kazi yangu ni kurekodi matangazo ya spika. Ukiwa mjini Kisii ukasikia gari likitangaza bei mpya ya mabati, harambee ya kanisa au kliniki ya macho iliyohama, huenda maneno hayo yametoka katika chumba changu chini ya kilima cha Nyanchwa. Ni chumba cha mita tatu kwa mbili na nusu, na kuta zake nimezifunika kwa mablanketi ili kuua mwangwi. Shule niliiachia kidato cha pili. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya mafundi wa redio, na baadaye kwa kusoma yale maelezo marefu ambayo watu wengi huyaruka. Nina daftari. Kila tangazo lina nambari, lugha, urefu wake kwa sekunde, na mahali litakapopigwa. Nambari 412 ni tangazo la chakula cha kuku, lililorekodiwa kwa ajili ya soko la Suneka. Hilo ndilo lililonipeleka nisikokutarajia.

Sauti iliyomo ni ya shemeji yangu, mke wa kaka yangu, mkulima wa chai upande wa Manga. Siku hiyo alikuwa amekuja mjini kununua mbolea, akapita kunisalimia, akanikuta nimekwama. Mwenye duka la vyakula vya mifugo alitaka sauti ya mama wa nyumbani, kwa Ekegusii, tena yenye furaha. Mimi nilikuwa na programu ya akili unde inayosoma Kiswahili kama mwalimu na Ekegusii kama mgeni aliyeshuka stendi asubuhi ile ile. Shemeji alisikiliza, akacheka hadi akatafuta kiti.

"Shemeji, huyu mwanamke wako anauza chakula au anaomba maji ya kunywa?"

Akaichukua karatasi, akasoma mwenyewe kwa dakika moja na nusu, akipandisha sauti mwisho wa kila sentensi kama mtu anayewaita kuku wake waje kula. Baada ya hapo, kwa udadisi wa fundi tu, niliilisha programu ile rekodi. Haikuchukua muda ikaanza kusema lolote kwa sauti yake. Tuliifanya imkemee kaka yangu kwa mlango wa zizi aliouahidi tangu msimu wa mvua uliopita. Alipokuwa akifunga mfuko wake wa mbolea aliniuliza kama sauti hiyo sasa inabaki pale. Nikamwambia ndiyo, kama picha inavyobaki studioni. Hakuuliza zaidi, na mimi sikueleza zaidi.

Mteja wangu mkubwa wakati huo alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na pia malori yanayonunua majani mabichi ya chai kando ya barabara, nje ya vituo vya wakulima. Alipita Suneka siku ya soko, akaisikia 412, akaja kuniambia kwamba sauti ile inauza. Aliitaka kwa matangazo ya duka lake, na alitaka apewe yeye mwenyewe ili watu wake wa mitandao waitumie bila kunisumbua. Nilimwekea kwenye flashi. Katika daftari niliandika: sauti ya kike, Ekegusii, imekabidhiwa. Safu ya mwenye sauti haikuwepo katika daftari langu. Sasa ipo.

Miezi michache baadaye shemeji alijitosa kugombea uenyekiti wa kamati ya kituo chao cha chai. Alikuwa na hoja mbili, na hakuongeza ya tatu. Kwanza, mizani ijaribiwe kila asubuhi mbele ya watu wote, kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Pili, jani lililokwisha kupimwa kituoni lisitoke tena kwa njia ya nyuma kwenda kwenye malori. Mwenyekiti aliyekuwepo alikuwa mtu mpole, na malori yaliupenda upole wake.

Wiki moja kabla ya kura, klipu ya dakika mbili ilitumwa katika kundi la simu la kituo. Ilikuwa sauti ya shemeji, kwa Ekegusii, ikisema kwamba yeye akichukua kiti kituo kitafungwa, wakulima watapeleka majani yao kituo cha mbali ng'ambo ya bonde, na kwamba mambo hayo yamekwisha kukubaliwa na wakubwa. Kaka yangu alinitumia nikiwa kazini. Niliijua kabla ya sekunde ya kumi. Mwanamke anatangaza kufungwa kwa kituo kinacholisha watoto wake, na kila sentensi inapanda mwishoni kwa furaha, kama anayeita kuku. Niliizima. Mimi ninayejisifu kwa kusikiliza kila kitu hadi sekunde ya mwisho, sikufika hata nusu.

Jioni hiyo kipindi kimoja cha redio ya lugha yetu kiliipokea habari hiyo. Mtangazaji hakusema ni kweli wala ni uongo. Alisema "tunasikia", kisha akafungua simu ili wasikilizaji watoe maoni kuhusu kitu ambacho hakuna aliyejua kama kilitokea. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu akili unde na uchaguzi, na kichwani mwangu hatari hiyo ilikuwa ya marais na nchi kubwa. Sikuwa nimefikiria kituo cha chai chenye paa la mabati na mizani moja.

Kesho yake mchana nilifunga chumba, nikapanda Manga. Boda iliniacha kwenye mteremko, nikashuka kwa njia ya miguu hadi shambani. Shemeji alikuwa akichuma, kikapu mgongoni, na hakuacha kuchuma nilipokuwa nikimweleza. Nilieleza kwa utaratibu: rekodi, programu, flashi, mteja. Nilipomaliza alichuma mistari miwili. Kisha akaniambia kwamba klipu yenyewe hakuisikia wala hataisikia. Alichokijua ni kwamba jirani yake, waliyesaidiana kupalilia kwa miaka mingi, alikuwa amempita kisimani bila salamu.

Nilimwambia nina suluhisho. Tungerekodi klipu nyingine, ya kweli, yeye mwenyewe akikanusha, na ningeitengeneza vizuri ienee kuliko ile.

"Shemeji," akasema, "umeniuza kwa spika, sasa unataka kuninunua kwa spika?"

Akaendelea kuchuma, akasema watu wamechoka na sauti zinazotoka kwenye simu. Kura ni Jumamosi, pale kwenye mizani. "Njoo usimame, useme kwa mdomo wako. Mdomo wako wanaujua, umewasumbua tangu ukiwa mdogo."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimfikiria mteja wangu, na chumba changu, na jinsi habari kwamba naacha sauti za watu zitoke zitakavyopokewa na wenye maduka. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaniambia nikifikiri sana nitachelewa gari la kurudi.

Jumamosi nilikwenda, bado nikifikiri. Kituo chao hupiga kura kwa mlolongo: wagombea husimama mbele, na kila mkulima husimama nyuma ya anayemtaka, hadharani, akijua jirani anamwona. Kabla ya kupanga mistari, karani huwapa wagombea nafasi ya kusema. Shemeji alisema hoja zake mbili. Mpinzani, yule mwenyekiti mpole, alisema ana neno moja tu, kwamba watu wasikie wenyewe. Mmoja wa wafuasi wake akashikilia simu mbele ya kipaza sauti cha karani.

Ndipo nilipogundua jambo ambalo wiki nzima halikuwa limegunduliwa na mtu yeyote. Kila mtu alikuwa amesikia nusu, akatuma yote. Sasa, kwa mara ya kwanza, klipu ilipigwa mbele ya watu hadi mwisho. Na karibu na mwisho, ili kuongeza uzito, sauti ya shemeji ilisema kwamba hata mzee wa boma lake anaufahamu mpango huo. Ikamtaja kwa jina lake na la baba yake, kama vile karani anavyoita watu kwenye foleni.

Mzee huyo ni baba yangu. Kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni, ile haya iliyo heshima, inayokaa kati ya mke na baba wa mume wake. Mke halitamki jina la mzee, wala haketi mahali mzee alipoketi. Kina mama waliokuwa mbele walijifunika midomo. Aliyeishika simu aliitazama kana kwamba imemuuma.

Baba alikuwa ameketi juu ya gunia tupu karibu na mizani. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. Alipopata pumzi aliwakumbusha watu habari ambayo nusu yao waliijua tayari. Mwaka alipougua, shemeji ndiye aliyemfikisha hospitali, na kitambulisho kilikuwa kimesahaulika nyumbani. Karani wa hospitali akauliza jina la mgonjwa. Shemeji akasema ni baba wa mume wake. Karani akasema hawana faili ya mtu anayeitwa hivyo. Shemeji akatoka hadi langoni, akamrudisha mwendesha boda aliyewaleta, ili yeye ndiye alitaje jina.

"Nilikuwa nakufa," baba akasema, "na hakulisema. Leo amelisema kwa sababu ya chai?"

Watu walicheka sana, na mimi nikajiona nimeokoka. Nilikuwa hata nimeanza kurudi nyuma taratibu. Ndipo yule jirani wa kisimani aliposema, bila ukali, kwamba siasa imewatoa watu wengi haya, na huenda imemtoa huyu pia. Kicheko kikapungua. Shemeji alinitazama tu, kama alivyonitazama shambani.

Nikasimama. Sikuwa na karatasi, na sauti yangu mwenyewe bila maikrofoni niliiona nyembamba. Nilisema mambo manne niliyokuwa na hakika nayo: nilirekodi sauti ya shemeji kwa tangazo la kuku, mashine yangu ilijifunza kuiga sauti hiyo, niliitoa kwa mtu mwingine bila kumuuliza mwenyewe, sauti iliyopigwa hapa ni hiyo. Mmoja akapaza sauti akitaka nimtaje huyo mtu. Nilisema nilimpa mwenye malori, lakini nani aliandika maneno ya klipu sijui, na nisichokijua sikisemi. Mwingine akauliza kama ninaweza kumfanya hata yeye aseme anaacha pombe. Nikamjibu kwamba mashine ina mipaka yake. Hapo kicheko kilirudi.

Mistari ilipopangwa, wa shemeji ulipita banda la mizani ukafika kona ya barabara, na wa mpinzani uliishia kwenye tangi la maji. Hakukuwa na haja ya kuhesabu, ingawa karani alihesabu. Yule jirani alisimama kwenye tangi la maji. Baadaye nilimsikia akimwambia shemeji kwamba amejua si sauti yake, lakini amekasirika wiki nzima na hasira haimwagiki kwa siku moja. Shemeji akamwambia aimwage taratibu, palizi inakaribia.

Mwenye malori alikuja kwangu wiki iliyofuata. Hakugomba. Alisema aliwapa watu wake flashi na mengine hakuyafuatilia, biashara ni biashara, kisha akahamishia matangazo yake kwa jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye ana programu ile ile. Mimi nilifuta sauti ya shemeji kwenye kompyuta, mbele yake, akishika kipanya yeye mwenyewe. Nilimweleza pia kwamba iliyo kwenye flashi siwezi kuifuta, na huenda imekwisha kunakiliwa mara nyingi. Alisema ndiyo maana kamati yake imepitisha kwamba neno lolote kuhusu kituo lisemwe asubuhi kwenye mizani, na anayelisema awe amesimama pale.

Mwezi uliopita tulikutana Suneka siku ya soko. Lile gari la chakula cha kuku lilitupita polepole, na 412 ikasikika juu ya makelele ya watu, furaha ikipanda mwisho wa kila sentensi. Niliona aibu, nikaanza kusema nitazungumza na mwenye duka aiondoe. Shemeji alinizuia kwa mkono, akasikiliza hadi sekunde ya mwisho.

"Mwache," akasema. "Hayo niliyasema mimi."